ALIYEPONA ASIACHWE: INI LA MASKINI NA DAI LA HAKI



Kila apitaye Kariakoo alfajiri huwaona wachukuzi wakiinama chini ya magunia na mikokoteni ikisukumwa kutoka Mtaa wa Msimbazi hadi Gerezani. Jina lenyewe la mtaa huu lina historia ya mizigo. Limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, waliowekwa kambini hapa baada ya mji kutekwa mwaka 1916. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa vita hivyo walikufa, na waliouawa na maradhi walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi. Mtu alihesabiwa alipokuwa na mzigo kichwani. Alipoutua na kuanza kutetemeka kwa homa, aliachwa njiani.

Tunaandika kijitabu hiki kwa sababu desturi hiyo haijafa. Tunaiona leo katika jambo ambalo wengi wetu hatulijui vema: homa ya ini aina C, na hasa hali ya ini la mtu baada ya kutibiwa. Watu husema, “Ametumia dawa, amepona, basi.” Sisi twasema neno hilo “basi” limebeba dhuluma, na tutaeleza kwa nini.

1. TUTAZAME: UGONJWA WENYEWE

Virusi vya homa ya ini aina C vilitambuliwa mwaka 1989. Kabla ya hapo madaktari walijua tu kwamba kuna ugonjwa wa ini unaopita katika damu, nao si wa aina A wala B. Wanasayansi watatu, Harvey Alter, Michael Houghton na Charles Rice, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2020 kwa kazi hiyo ya kuvigundua. Virusi hivi huambukizwa hasa kwa damu: damu iliyoongezwa bila kupimwa, sindano iliyotumika kwa zaidi ya mtu mmoja, vifaa visivyotakaswa, na mashine za kusafisha damu pale ambapo kanuni za usafi hazifuatwi. Haviambukizwi kwa kushikana mikono, kula sahani moja wala kukaa benchi moja kanisani.

Ugonjwa huu ni wa kimya. Mtu anaweza kukaa nao miaka 20 au 30 akibeba magunia, akiuza mitumba, akilea watoto, asijue kwamba ini lake linajengeka makovu kidogo kidogo. Siku tumbo linapojaa maji na macho kuwa ya manjano, makovu yamekwisha kulibana ini lote. Hali hiyo huitwa sirosisi, na kutoka hapo njia ya kwenda kwenye saratani ya ini ni fupi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 50 ulimwenguni waliishi na homa ya ini C, na kwamba watu 242,000 walikufa kwayo mwaka huo. Chanjo yake haijapatikana. Chanjo ambayo watoto wetu wachanga wamekuwa wakipewa tangu mwaka 2002 ni ya aina B.

Hapa kwetu ugonjwa huu haujaenea kwa kiasi sawa katika watu wote. Kwa wananchi kwa jumla, aina C ni ya nadra kuliko aina B. Lakini kuna ndugu zetu ambao uchunguzi uliofanyika Dar es Salaam umeikuta kwao kwa wingi wa kutisha: watu wanaojidunga heroini, wale ambao mitaani tunawaita mateja. Mwaka 2005 watafiti walieleza jambo lililokuwa likitendeka katika mji huu huu: mwanamke aliyekosa fedha ya dawa alipewa na mwenzake damu iliyovutwa kwenye bomba la sindano baada ya kujidunga, aidunge mwilini mwake, akitumaini kupunguza maumivu ya arosto. Alidhani anapewa msaada. Huenda alipewa pia virusi.

Kundi la pili ni wagonjwa wa figo. Hawa hulazwa kando ya mashine ya kusafisha damu kwa kawaida mara tatu kila juma, na wachache miongoni mwao hufikia kupandikizwa figo ya ndugu. Kwa miaka mingi safari hiyo ilikuwa ya India. Novemba 2017 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilifanya upandikizaji wa kwanza wa figo nchini, na mwaka 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata. Tunaishukuru hatua hiyo. Lakini aliyepandikizwa figo hutumia maisha yake yote dawa za kutuliza kinga ya mwili, ili mwili usikikatae kiungo kipya. Kinga ikitulizwa, virusi hupata nafasi. Mtu huyo akiwa na homa ya ini C, ini lake huweza kuharibika upesi kuliko la mwingine, na hata figo aliyopewa na ndugu yake imo hatarini.

2. DAWA IPO

Kwa muda mrefu homa ya ini C ilitibiwa kwa sindano za interferoni kwa miezi 6 hadi 12. Sindano hizo zilileta homa, uchovu na huzuni kubwa, na wengi walizimaliza bila kupona. Kwa aliyepandikizwa figo zilikuwa hatari zaidi, kwa kuwa ziliweza kuuchochea mwili uikatae figo. Madaktari wengi waliona ni heri wamwache na virusi vyake.

Mambo yalibadilika mwishoni mwa mwaka 2013, dawa ya vidonge iitwayo sofosbuviri ilipoidhinishwa Marekani. Ikiunganishwa na mwenzake, kama daklatasviri, humezwa kila siku kwa wiki 12, na zaidi ya watu 95 katika kila 100 hupona kabisa. Waliopandikizwa figo nao hupona kwa kiwango kinachokaribia hicho. Ugonjwa uliokuwa hukumu umekuwa jambo la miezi mitatu.

Lakini tazameni bei! Dozi nzima ilitangazwa Marekani kwa dola 84,000. Baadaye viwanda vya India viliruhusiwa kuitengeneza kwa ajili ya nchi nyingi maskini, bei ikashuka mwaka hadi mwaka, hata leo dozi ya vidonge hivyo hupatikana kwa nchi zinazonunua kwa mpango kwa takriban dola 60. Dola 84,000 na dola 60, kwa ini la aina moja! Tofauti hiyo inatufundisha kwamba bei ya awali haikuwa gharama ya kutengeneza kidonge. Ilikuwa bei ya kile ambacho mgonjwa mwenye hofu angeweza kukamuliwa.

3. KUPONA VIRUSI SI KUPONA INI

Sasa tunafika kwenye kiini cha waraka huu. Hebu tumfikirie mtu mmoja, mchukuzi wa zamani wa Kariakoo. Alijidunga kwa miaka kadhaa, akaacha, akapimwa, akapewa vidonge, akamaliza wiki 12. Wiki 12 nyingine zikapita, damu yake ikapimwa, virusi havikuonekana. Hicho ndicho kipimo cha kupona. Anashangilia, na sisi twashangilia naye. Je, baada ya hapo anahitaji nini?

Kwanza, anahitaji kujua ini lake lilikuwa katika hali gani kabla ya dawa. Kama makovu yalikuwa machache, na hana tatizo jingine la ini, anaweza kurudi katika maisha yake bila wasiwasi. Lakini kama alikwisha kufikia makovu makubwa au sirosisi, saratani ya ini bado yaweza kumjia miaka mingi baada ya virusi kutoweka. Hatari hupungua sana, ila haiondoki. Mtu huyo anapaswa kupigwa ultrasaundi ya ini kila baada ya miezi 6. Uvimbe ukionekana ungali mdogo, kuna la kufanya. Ukionekana kwa mara ya kwanza siku anapoletwa kwa machela, hakuna. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa hata ukuta haujengeki tena.

Pili, alipaswa kupimwa homa ya ini B kabla ya kuanza vidonge. Virusi vya B vinaweza kujificha kimya mwilini, na C inapoondolewa, B huweza kuamka kwa ukali. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo juu ya jambo hilo. Katika nchi yetu, ambamo B imeenea kuliko C, kumpa mtu dawa za C bila kumpima B ni uzembe. Hali kadhalika anayetumia dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini asichanganyiwe vidonge hivi, kwa maana rifampisini huvipunguzia nguvu.

Tatu, anahitaji kulindwa na udanganyifu wa kipimo. Kingamwili za C hubaki katika damu miaka mingi, mara nyingi maisha yote, hata baada ya mtu kupona. Kipimo cha haraka huziona kingamwili hizo na kusema “anao”. Kipimo cha virusi vyenyewe ndicho kisemacho kweli. Fikirini basi kijana aliyepona anayeomba kazi katika nchi za Ghuba, ambako waombaji hupimwa homa ya ini B na C. Akipimwa kingamwili peke yake, atarudishwa nyumbani kwa ugonjwa ambao hana tena. Huko ni kumhukumu mtu kwa kosa alilokwisha kusamehewa.

Nne, aliyepandikizwa figo anahitaji uangalizi wa pekee. Dawa za kutuliza kinga, kama takrolimasi, huvunjwavunjwa na ini. Virusi vikiondoka, ini hupata nguvu na kuivunja dawa hiyo upesi zaidi, na kiasi chake katika damu huweza kushuka. Kikishuka mno bila mtu kugundua, mwili huweza kuikataa figo. Kwa hiyo kiasi cha dawa katika damu yake lazima kipimwe wakati wa matibabu na baada yake. Atangaziwe kwamba amepona kisha apoteze figo ya dada yake kwa kukosa kipimo kimoja! Nani atamweleza dada huyo?

Tano, ini lililopona lina maadui wengine. Pombe ni adui wa kwanza, na gongo ya uchochoroni ni pombe. Unene wa kupindukia na kisukari ni maadui pia. Mahindi na karanga zenye ukungu hubeba sumu iitwayo aflatoksini, ambayo husababisha saratani ya ini. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Tena wapo wauzao chupa za “kusafisha ini” kandokando ya soko. Ini halioshwi kwa chupa. Baadhi ya mitishamba huliumiza, na aliyepandikizwa figo akiichanganya na dawa zake anacheza na uhai.

4. TUAMUE: HOJA TUNAZOZISIKIA

Kila tunapolisema jambo hili tunapata majibu, wakati mwingine katika vikao vyetu wenyewe vya parokia. Tuyajibu moja moja.

“Ni ugonjwa wa mateja, wamejitakia.” Neno hili hutamkwa na watu wanaojiona safi. Tuwaulize: wananchi wa Misri walijitakia nini? Kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 serikali yao iliwatibu kichocho kwa sindano, na sindano zilizorudiwa bila kutakaswa zikawaambukiza watu wengi mno homa ya ini C. Walikwenda kutafuta tiba, wakapewa virusi. Virusi havisomi maadili ya mtu. Na hata kama mtu alikosea, ni tangu lini kosa likafuta haki ya kuishi? Mfano wa Msamaria Mwema hausemi kwamba aliyelala njiani alihojiwa kwanza jinsi alivyofika pale.

“Hawa hawawezi kufuata dozi.” Hoja hii imekwisha kukanushwa hapa hapa mjini. Februari 2011 Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni, ikifuatiwa na Mwananyamala na Temeke. Methadoni hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Watu walioambiwa kwamba hawafai kwa lolote wamejipanga foleni dirishani kila asubuhi, mwezi baada ya mwezi. Mtu anayefika kila siku dirishani hapo anaweza kupewa hapo hapo kidonge cha ini kwa siku 84. Kinachokosekana siyo nidhamu ya mgonjwa.

“Ataambukizwa tena.” Yawezekana, kwa kuwa kupona hakuleti kinga. Basi apewe sindano safi, methadoni na rafiki wa kumsindikiza, na apimwe tena kila mwaka. Mama hakatai kumwogesha mtoto kwa sababu kesho atacheza mchangani.

“Serikali haina fedha.” Twajua mzigo wa serikali ni mkubwa. Lakini dozi ya dola 60 na ultrasaundi mbili kwa mwaka ni gharama ndogo ukilinganisha na wodi yenye wagonjwa wa sirosisi na saratani, au figo iliyopandikizwa kwa jasho la wataalamu wengi ikapotea. Misri, iliyokuwa na mzigo mzito kuliko nchi nyingi, ilianza Oktoba 2018 kuwapima wananchi wake, ikawapima karibu milioni 50 kwa muda usiofikia mwaka, ikawatibu waliokutwa nao bila kuwatoza. Oktoba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitambua rasmi mafanikio hayo. Rwanda, jirani yetu, ilitangaza mpango wake wa kuutokomeza ugonjwa huu Desemba 2018. Nchi zote wanachama, Tanzania ikiwamo, zilikubaliana mwaka 2016 kuufanya mwaka 2030 kuwa lengo. Ahadi ni deni.

“Amepona, sasa ajitegemee.” Hii ndiyo hoja iliyo hatari kuliko zote, kwa sababu ina sura ya heshima. Tangu uchangiaji wa gharama ulipoanza katika hospitali zetu mwaka 1993, maskini amejifunza kurudi hospitali pale tu anapozidiwa. Kumwambia mchukuzi ajilipie ultrasaundi kila miezi 6 akiwa hana maumivu yoyote ni kumwambia asije. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Kama neno “wote” lina maana, basi limhusu pia mtu ambaye ugonjwa wake umekwisha lakini makovu yake yamebaki.

5. TUTENDE

Kwa wenye mamlaka ya afya, tunadai mambo manne. Mosi, kila anayepata methadoni, kila anayesafishwa damu, na kila anayeandaliwa kupandikizwa figo pamoja na ndugu anayemtolea, apimwe homa ya ini B na C. Pili, akikutwa na C, hatua ya makovu ya ini ipimwe kabla ya dawa na iandikwe katika kadi yake kwa lugha anayoielewa. Tatu, aliyepona akiwa na sirosisi au makovu makubwa aandikwe katika daftari la ufuatiliaji, aitwe kila miezi 6, na kipimo hicho kiingie katika bima. Nne, apewe cheti kinachosema wazi kwamba virusi havipo, ili kingamwili zisimfungie mlango wa kazi.

Kwetu sisi, wajibu hauanzi wizarani. Jumuiya ndogo ndogo zinawajua watu wao mlango kwa mlango. WAWATA wanaotembelea wagonjwa waulize si tu “umemaliza dawa?” bali pia “tarehe ya kipimo chako kijacho ni lini?” VIWAWA wawasindikize vijana wenzao kliniki. Halmashauri ya Walei itenge katika mfuko wa huruma kiasi cha nauli na kipimo kwa wale ambao bado hawana bima. Tarehe 28 Julai, Siku ya Homa ya Ini Duniani, parokia za katikati ya jiji zimwalike daktari azungumze baada ya misa. Nasi sote tuache kulitumia neno “teja” kama tusi.

Wapagazi wa vita vile walipewa nambari, mgao wa chakula na mzigo. Hawakupewa mtu wa kuwauliza habari zao mzigo ulipokwisha. Sisi tunaopita juu ya mchanga uleule tusirudie. Aliyepona bado ni ndugu yetu, na miezi 6 ijayo atahitaji kuitwa kwa jina.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika jumuiya yetu, ni nani aliyetibiwa ugonjwa mkubwa kisha tukaacha kumtembelea aliposema amepona? Tulimwacha kwa nini?

2. Tunawaitaje watu wanaotumia dawa za kulevya mtaani kwetu, na jina hilo linawasaidia au linawazuia kwenda kupimwa?

3. Je, tunajua ni kituo gani kilicho karibu nasi kinachopima homa ya ini B na C? Nani kati yetu atakwenda kuuliza kabla ya mkutano ujao, na atatuletea majibu siku gani?